Maswali ya Wasomaji: Naomba Ufungue Pakiti Nikiona

Barua za safari hii zimetoka Njiro, Moshi mjini, Usa River na Ngaramtoni. Karibu zote zina hofu moja ndani yake: mtu amelala kwenye kiti cha meno, kinywa wazi, na haoni kinachofanyika humo. Tumejibu kwa kirefu pale penye hatari kubwa.

Shikamooni. Nilimpeleka binti yangu kung'olewa jino. Muuguzi alitoa koleo kwenye sufuria ya maji yanayochemka, akalipangusa, akampa daktari. Niliona aibu kuuliza. Je, kuchemsha kunatosha? Na mgonjwa wa kawaida ataangalia nini ili ajue vifaa ni salama?
*Mama wa watoto wawili, Njiro, Arusha*

Marahaba, mama. Kuchemsha hakutoshi popote, na Arusha ndiyo kabisa. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, si 100 kama Tanga. Ndiyo maana hata maharage ya Arusha hukaa jikoni muda mrefu. Joto hilo huua vijidudu vingi, vikiwemo virusi vya UKIMWI, lakini bakteria wanaojifungia ndani ya ganda gumu, yaani spora, wakiwemo wa pepopunda, huvumilia. Koleo la kung'olea jino linagusa damu na mfupa. Kifaa cha namna hiyo hutakaswa kabisa au hakitumiki.

Mashine ya kazi hiyo ni otoklevu, inayotumia mvuke wenye shinikizo. Mvuke wa nyuzi 121 unahitaji dakika 15 hadi 30 kutegemea mashine na namna vifaa vilivyofungwa. Wa nyuzi 134, kwenye mashine zinazofyonza hewa kwanza, unahitaji dakika 3 au 4. Dakika hizo zinahesabiwa tangu joto lilipofika, si tangu swichi ilipowashwa.

Hapa tunaomba wauguzi wa Arusha na Moshi nao wasome. Otoklevu ndogo, hasa zile za kuwekwa juu ya jiko, nyingi zina mshale wa shinikizo tu, hazina kipimajoto. Maelekezo yake yameandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari: fikisha paundi 15, utapata nyuzi 121. Lakini mshale hupima tofauti kati ya shinikizo la ndani na la nje, na huku la nje ni dogo. Paundi 15 za Arusha hutoa nyuzi 118 hivi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, ila kwa joto hilo spora huhitaji karibu mara mbili ya muda ule ili zife. Arusha mshale unatakiwa ufike paundi 17 na kidogo. Moshi, ulio chini zaidi, kama 16 na nusu. Kama mashine haikuundwa kuhimili kiasi hicho, usiilazimishe. Ongeza muda maradufu. Zile zinazojiongoza kwa kipimajoto cha ndani hazina tatizo hili.

Hata mashine nzuri hushindwa kwa uzembe. Koleo lisiposuguliwa kwa brashi na sabuni kwanza, damu iliyokauka huwa ngao ya vijidudu. Mashine ikishindiliwa, mvuke haufiki katikati. Umeme ukikatika kabla muda haujatimia, mzunguko mzima unaanza upya. Hakuna kumalizia dakika zilizobaki. Pakiti ikitolewa ikiwa mbichi, unyevu hupitisha vijidudu kwenye karatasi. Na kule kuloweka kwenye Jik, sehemu moja ya Jik ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji, dakika 10, ni kwa ajili ya kumkinga anayeosha. Hakutakasi kifaa, na ukizidisha muda koleo linashika kutu.

Sasa wewe unayeketi pale. Kifaa kilichotakaswa huja ndani ya pakiti yenye karatasi upande mmoja na plastiki upande wa pili. Iwe kavu, haijatoboka, ina tarehe, na alama yake imebadilika rangi. Fahamu kwamba rangi inasema tu kwamba pakiti ilipita kwenye joto. Uthibitisho wa kwamba vijidudu vilikufa ni kipimo cha spora, ambacho kliniki makini hufanya kila wiki na kukiandika kwenye daftari. Una haki ya kuliulizia daftari hilo.

Mashine ya kuchongea jino nayo itakaswe kati ya mgonjwa na mgonjwa, maana inaposimama hunyonya mate na damu kuingia ndani, mahali ambapo kitambaa chenye spiriti hakifiki. Katriji ya ganzi, yaani kichupa cha dawa kinachowekwa kwenye sindano, ina mililita 1.8. Ikibaki nusu inatupwa, haiwekwi kwa ajili ya mwingine, kwa sababu damu ya mgonjwa huweza kurudi ndani yake.

Sentensi ya kusema ni fupi: "Naomba ufungue pakiti nikiona." Iseme kabla ya ganzi, kwa heshima, bila kuomba radhi. Mtaalamu aliyefanya kazi yake vizuri hufurahi kuionyesha.

Kuhusu binti: angalia kadi yake ya kliniki kama alipata chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, ambazo ndani yake mna kinga ya pepopunda na homa ya ini aina ya B. Kama zilikosekana, au kama hujui koleo lilikaa majini kwa muda gani, nenda naye hospitali ueleze ilivyokuwa. Zikiwa hazijapita saa 72 tangu ang'olewe, nenda leo, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa hizo.

Nina kliniki ndogo ya meno hapa Moshi, viti viwili. Wagonjwa si haba, ila wengi huja mara moja: jino linauma, anang'olewa, simwoni tena. Jirani kapunguza bei, nami nikapunguza, hali ni ile ile. Nifanye nini warudi?
*Tabibu wa kinywa na meno, Moshi*

Ndugu tabibu, rudisha bei yako ilipokuwa. Punguzo humleta mtu siku ya maumivu, na siku hiyo angekuja hata bila punguzo. Anayerudi ni yule aliyeondoka na hofu pungufu kuliko aliyoingia nayo, tena anajua nini kimebaki kinywani mwake. Mambo yote mawili yanatokana na usalama anaouona kwa macho yake.

Anza na daftari la miezi mitatu iliyopita. Kando ya kila jina andika: aliambiwa nini kuhusu meno yaliyobaki? Tunahisi utakuta mistari mingi mitupu. Mtu aliyetolewa jino na hakuambiwa kwamba jirani yake lina tundu hana sababu ya kurudi hadi tundu hilo nalo limuume. Mpe kioo kidogo ashike mwenyewe, mwonyeshe, kisha mwandikie kwenye kadi: jino gani, lina nini, kuziba ni kiasi gani leo, na likifika kwenye mzizi itakuwa kiasi gani. Usimshawishi siku hiyo hiyo. Mtu mwenye ganzi mdomoni hasikii vizuri, na uamuzi wa haraka huzaa majuto. Tena usimwandikie matundu yasiyokuwepo. Doa jeupe ambalo bado ni gumu mara nyingi linahitaji mswaki na kuangaliwa, halihitaji kuchongwa. Mgonjwa akija kugundua alizibwa jino zima, hatarudi, na ukoo wake wote hautakuja.

Kabla hajaketi, muulize presha, sukari, moyo, ujauzito, mzio wa dawa, dawa anazotumia, na kama aliwahi kutokwa damu isiyokatika. Pima presha. Ikifika 180 kwa 110, kung'oa kusiko kwa dharura kunasubiri, na unampa barua ya kwenda kwa daktari wake. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, usimwambie aiache. Omba kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inavyoganda, cha siku zisizozidi tatu zilizopita. Mtoto mpime uzito. Katriji moja ya dawa ya ganzi ya lignokeni asilimia 2 ina miligramu 36. Ukikadiria kwa tahadhari miligramu 4.4 kwa kilo, mtoto wa kilo 15 kikomo chake ni miligramu 66, yaani hata katriji mbili hazitimii. Wazazi hawasahau mahali mtoto wao alipopandishwa kwenye mizani kabla ya sindano.

Bei itajwe kabla ya ganzi. Kama huenda ikaongezeka, sema itaongezeka kwa sababu gani na haitazidi kiasi gani. Hakuna kitu kinachovunja imani haraka kama bili iliyokua mtu akiwa amelala kinywa wazi.

Kisha simu. Kliniki nyingi hazipigi kabisa, na zinazopiga hupiga kesho yake basi. Piga mara mbili: jioni ya siku ile kuulizia damu, na siku ya tatu kuulizia maumivu. Siku ya tatu ina sababu yake. Tundu likipoteza donge la damu linalolifunika, mfupa hubaki wazi, na maumivu makali yenye harufu mbaya huanza kati ya siku ya pili na ya nne, baada ya mtu kudhani amepona. Hayo hayatibiwi kwa antibayotiki. Tundu linasafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, linawekwa dawa ya kutuliza, na linaangaliwa tena baada ya siku moja au mbili. Mgonjwa uliyempigia siku hiyo ukamwambia "njoo leo, hulipi" atakutambulisha kwa watu kuliko bango lolote. Asipopigiwa, ataamini ulimvunjia mfupa, na atakwenda kwa jirani kueleza hivyo.

Sasa hesabu ya makoleo, ambayo kwetu ndiyo kubwa. Mzunguko wa otoklevu, kuanzia kupasha hadi kukausha, chukulia ni saa moja. Ukiwa na seti tano za kung'olea na wagonjwa 15, lazima uzungushe vifaa, na mtu wa sita anasubiri. Foleni ikirefuka, ndipo mkono unapoanza kutafuta njia ya mkato: kuchovya kwenye dawa, kupangusa, kuendelea. Kwa Moshi jambo hili lina msimu wake. Desemba wenyeji hupanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na kila aliyevumilia jino mwaka mzima anataka kulitibu nyumbani. Kama una fedha za kununua televisheni ya sebuleni au seti nne za makoleo, nunua makoleo. Na hao wa Desemba usiwaache waondoke mikono mitupu: wape picha ya eksirei na maelezo ya kilichofanyika, ili daktari wa huko aendeleze. Wengi huogopa kwamba ukimpa mgonjwa kumbukumbu zake umempoteza. Huyo ndiye atakayepanda tena Desemba ijayo na mama yake.

Baba yangu alikwenda kung'olewa jino la chini lililokuwa likimsumbua. Ganzi ilipoisha, maumivu yako pale pale. Tukiangalia, jino lililotolewa ni la jirani. Tumeambiwa "yote yalikuwa mabovu". Je, hili hutokea? Tufanye nini?
*Kijana, Usa River*

Pole kwa mzee. Hutokea, na mara nyingi kwa sababu zinazojulikana, kwa hiyo linazuilika.

Meno huitwa kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni robo ya kinywa: 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili ni hesabu kutoka katikati kwenda nyuma, 1 hadi 8. Kwa hiyo 46 ni gego la kwanza, chini kulia. Kosa huingia mtu anapoandika "gego la nyuma" badala ya namba, au anaposahau kwamba kulia kwa mgonjwa ni kushoto kwa anayemtazama, au picha ya eksirei ikiwekwa kinyume. Kwa wazee kuna mtego mwingine: jino la 6 lilishatoka zamani, la 7 likasogea mbele na kukaa mahali pake, basi anayehesabu haraka analiita la 6. Tena maumivu yenyewe hudanganya. Jino la chini huweza kusikika kama la juu, upande ule ule.

Utaratibu sahihi unachukua nusu dakika. Mgonjwa aonyeshe kwa kidole kabla ya ganzi. Daktari agonge jino hilo taratibu, alilinganishe na picha, ataje namba kwa sauti, na msaidizi aisome kutoka kwenye faili. Koleo likishawekwa, anahesabu tena. Ikigundulika palepale kwamba limetoka lisilo lenyewe na bado ni zima, huoshwa kidogo kwa maji ya chumvi ya hospitali bila kusuguliwa mzizi, hurudishwa kwenye tundu ndani ya dakika chache na kufungwa na majirani zake. Na mgonjwa anaambiwa siku ile ile.

Kwa baba: rudini kituoni na mtu mzima mwingine, mwombe faili na picha, muulize namba ya jino lililopangwa na ya lile lililotolewa. Huenda kweli yote mawili yalikuwa mabovu, lakini hilo lilipaswa kusemwa kabla, na akubali kabla. Mkinyimwa maelezo, andikeni kwa mganga mkuu wa halmashauri. Linalohusu mwenendo wa daktari mwenyewe hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Jino linalouma lisisubiri malalamiko yamalizike. Litibiwe sasa, hata kama ni kwa mwingine.

Kwa upande wa madaktari tunaongeza neno moja. Mgonjwa aliyeambiwa "tumekosea, na hivi ndivyo tutakavyorekebisha kwa gharama yetu" huweza kubaki. Aliyefichwa akagundua kwa ulimi wake mwenyewe nyumbani, huyo habaki.

Meno yangu yana rangi ya kahawia tangu utotoni. Kuna mtu mjini anayasugua kwa dawa yanakuwa meupe siku hiyo hiyo. Ni salama? Daktari mmoja aliniambia nisugue meno vizuri, nikaona aibu sikurudi.
*Ngaramtoni*

Huna cha kuonea aibu. Rangi hiyo si uchafu, na aliyekwambia usugue alikosea. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya, hadi umri wa miaka 8 hivi, gamba la jino linaota likiwa na vitundu vidogo sana, na jino likishatokeza vitundu hivyo hunyonya rangi.

Usiende kwa huyo mtu. Dawa inayobadilisha rangi kwa dakika chache mtaani kwa kawaida ni tindikali kali. Inaondoa rangi pamoja na gamba lenyewe, na gamba halioti tena. Baadaye hata maji baridi yatakuuma. Kliniki ina ngazi zake. Madoa mepesi husuguliwa kwa kiwango kidogo kinachodhibitiwa, fizi zikiwa zimekingwa. Hufuata jeli ya kung'arisha yenye karbamaidi paroksaidi asilimia 10 ndani ya trei ndogo ya kuvaa iliyopimwa kwa meno yako, usiku, kwa wiki kadhaa. Yenye mashimo hufunikwa kwa resini ya rangi ya jino. Kuchonga jino zima ili livikwe taji kuwe kwa mwisho kabisa, na ukipendekezewa hilo kwanza, tafuta maoni ya pili.

Kwa wadogo zako: kuchemsha maji hakuondoi floraidi, hata huizidisha kwa kuwa maji hupungua. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri ni bora kwa kunywa na kupikia. Magadi ya kulainishia makande nayo huweza kuwa na floraidi nyingi, kwa hiyo chakula cha mtoto kipikwe bila hayo. Dawa ya meno iwe kama punje ya mchele kabla ya miaka 3, kama punje ya njegere hadi 6, na mtoto ateme.

Nimeng'olewa jino asubuhi, damu haikatiki na kila nikitema inatoka zaidi. Nifanyeje, na lini niende hospitali?
*Moshi*

Acha kutema. Kutema na kusukutua ndiko kunakoling'oa donge la damu. Kaa wima, kunja gozi safi liwe donge dogo, lilowanishe kidogo, liweke juu ya tundu lenyewe, uume kwa nguvu dakika 30 kwa kutazama saa, bila kuchungulia. Ikiendelea, rudia mara moja. Mate yenye wekundu hadi kesho ni kawaida; damu inayojaa kinywani si kawaida, na ikiwa hivyo baada ya mara mbili rudi kituoni. Leo usivute sigara, usinywe pombe, usitumie mrija. Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, kesho, si leo.

Kuna dalili nyingine ambazo hazingoji kituo kufunguliwa, na zinaweza kuja hata siku kadhaa baadaye: uvimbe mgumu chini ya kidevu unaoenea shingoni, ulimi kunyanyuka, kushindwa kumeza mate, kinywa kutofunguka, sauti kubadilika au pumzi kubana. Usaha ulioingia chini ya ulimi huziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Ukiwa Moshi nenda KCMC au Mawenzi, ukiwa Arusha nenda Mount Meru, hata kama ni saa nane za usiku. Uende umeketi, usilale chali njiani.